Deni la Magoti

Ni mwaka 2022, mwisho wa kiangazi, na mbinguni hakuna hata wingu la kuazima. Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa sare ya kijivu ya idara ya afya ya manispaa anasimama mbele ya kibanda kipya cha mabati, anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anapiga magoti vumbini.

Hasali, wala hajaangusha kitu. Anainua mkono wa kulia juu ya kichwa chake, anaupenyeza katika tundu la dirisha, anaweka sarafu juu ya kibao na kunyoosha vidole viwili. Ndani, mkono wa kijana unaikokota sarafu. Punde sigara mbili zinatua kiganjani mwa mwanamke yule. Hakuna neno lililosemwa.

Anainuka kwa taabu, akijishikiza kwenye bati, na uso wake unachomoza dirishani polepole.

"Umemuuzia nani?" anauliza.

"Mteja, mama," kijana anajibu.

"Mteja wa miaka mingapi?"

Kijana anacheka, akidhani ni utani wa asubuhi, mpaka mama huyo anapoibandua beji yake kifuani na kuiinua mbele ya tundu. Hapo kicheko kinamkauka, na shikamoo iliyochelewa inamtoka kama kikohozi.

"Marahaba," anaitikia yule mama. "Mimi nina miaka hamsini na minne, kwa hiyo hujavunja sheria. Ninachokuuliza ni hiki: ulijuaje?"

Kijana anautazama mkono wake, kana kwamba jibu limo humo. Katika mtaa huu, kabla yake, hakuna aliyekuwa nalo.

Mama huyu anaitwa Bibi Afya. Wenye vibanda humwita hivyo, walimu humwita hivyo, na hata watoto wa jirani yake wanaotumwa kuomba chumvi nyumbani kwake hubisha hodi kwa jina hilo. Ni mkaguzi wa afya kwa mwaka wa ishirini na saba sasa. Amekagua mabucha, visima, hoteli na vyoo vya shule, lakini kazi itakayokumbukwa na mtaa huu, hata yeye akishastaafu, ni kazi ya magoti.

Leo anaifanya huku moyo ukiwa mzito. Mkobani mwake, kati ya chupa ya maji na mwavuli usio na mvua, amebeba spana. Kabla ya adhuhuri, kwa mujibu wa ahadi aliyoitoa mbele ya watu, ataitumia kukifungua kioo kimoja kidogo cha gari kilichotundikwa kwenye kibanda kinachotazamana na lango la shule. Kikiondoka hicho, vyote vitaondoka.

Sheria anayoisimamia ni fupi na haina mafumbo: ni kosa kumuuzia sigara mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Ugumu wake hauko katika maneno. Uko katika dirisha.

Vibanda vya mtaa huu vimeinuliwa juu ya matofali ili maji ya mvua yasiingie, na madirisha yake yamezibwa kwa nondo na wavu kwa sababu ya wezi. Limeachwa tundu moja tu, upana wake kama sahani, na kingo yake ya chini inamfikia mtu mzima kidevuni. Muuzaji huketi ndani, katika giza la mabati. Akija mtu mzima, huona uso. Akija mtoto, huona kiganja.

Nao wavutaji wa hapa wana desturi yao. Kidole kimoja ni sigara moja. Vidole viwili ni mbili. Hakuna anayepoteza pumzi kuomba kitu ambacho vidole vinaweza kukiomba. Basi mtoto wa darasa la nne mwenye sarafu na mkono mrefu alikuwa mteja sawa na dereva wa lori.

Mahali pengine, Bibi Afya anaeleza, wakaguzi humtuma mtoto akanunue, kisha wao wakatokea na kumkamata muuzaji. Mkuu wake wa idara alimshauri kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Alikataa.

"Mtoto hafanywi chambo," anasema. "Nikimtuma akanunue sigara ili nimnase mtu mzima, nitakuwa nimemnasa nani? Nitakuwa mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya dirishani. Mimi nina magoti. Nikiyakunja, kimo changu ni cha mtoto wa darasa la nne."

Magoti hayo yameilipia kazi hiyo. Ndani ya suruali yake ya sare amejifunga vipande viwili vya godoro, vilivyoshonewa kitambaa cha gunia. Alivishona mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na ushei, anayeishi naye pamoja na kitindamimba wa Bibi Afya katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Daktari amekwisha kumwambia kwamba gegedu la goti la kulia limelika, na kwamba la kushoto linafuata nyayo za mwenzake.

Mama mtu, mtaalamu wa maneno ya jikoni, hakosi la kusema kila anapozifungua kamba za vipande hivyo jioni. Humwambia bintiye kwamba wenziwe wa umri huo hupiga magoti kumwomba Mungu, naye anapiga magoti kununua sigara asiyoivuta. Ama kweli kila mja na ibada yake. Akishasema hivyo, huvifua vipande vile na kuvianika. Mwaka jana, bila ya kuombwa na mtu, alishona jozi ya pili, ili moja ikiwa kambani nyingine iwe kazini.

Habari hii ilianza miaka mitatu iliyopita, Bibi Afya alipokwenda kukagua vyoo vya shule ya msingi. Mfagizi wa shule, mwanamke mpole asiyeinua sauti, hakumpeleka chooni. Alimpeleka stoo na kumfunulia ndoo. Ndani yake, vimejaa hadi nusu, kulikuwa na vichungi vya sigara, vingine vikiwa bado na alama za meno madogo.

"Hivi ni vya muhula mmoja tu," mfagizi alimwambia. "Nilivihifadhi kwa sababu nikivieleza kwa mdomo, wataniita mzushi."

Bibi Afya anasema alitazama ndani ya ndoo ile akaona haya, kama mtu aliyekabidhiwa nyumba ailinde akakuta mlango ulikuwa wazi usiku kucha.

Aliyetangulia kufikishwa mahakamani alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwenye kibanda kinachotazamana na lango la shule, na mwenyekiti wa wenye vibanda wote wa mtaa. Watu humwita Mzee Kufuli. Jina hilo alilipata baada ya wezi kumvuta mkono kupitia dirishani mpaka bega likateguka. Tangu siku hiyo mlango wa kibanda chake una kufuli nne kwa ndani, naye akishaingia alfajiri hatoki mpaka jioni. Hata chakula hupitishiwa tunduni na mkewe.

Mwalimu mmoja alitoa ushahidi kwamba alimwona mtoto akiondoka kwenye dirisha hilo na sigara mkononi. Mzee Kufuli hakubisha. Alisimama kizimbani akiwa amenyooka, akaomba radhi kwa bega lake bovu linalomzuia kuinua mkono wa kiapo vizuri, kisha akasema maneno ambayo mtaa haujayasahau.

"Mheshimiwa hakimu, mimi niliuzia mkono. Mkono hauna umri."

Mahakama ilicheka. Hakimu mwenyewe alilazimika kuinamisha kichwa kwa kitambo. Kisha alimwachia huru, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mzee alijua anamuuzia mtoto.

Tangu siku hiyo vijana wa gereji iliyo jirani na vibanda walikuwa kila wakimwona Bibi Afya wanamnyooshea vidole viwili. Wengine waliuliza kwa sauti kama mkono wa leo umefikisha umri wa kuolewa. Yeye aliwaitikia salamu zao kana kwamba ni salamu, akapita.

Hamlaumu hakimu. "Alihukumu kwa haki," anasema, "na mzee alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Nilimkamata mtu, nikaliacha dirisha."

Dirisha lenyewe halikuwa jambo jepesi. Kulipanua ni kumkaribisha mwizi, na hakuna mwenye kibanda ambaye angekubali. Kulishusha ni kuukata ukuta wote. Bibi Afya alilizunguka tatizo hilo kwa miezi, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi katika pindo la nguo.

Uzi aliupata gerejini. Alikuwa amekwenda kule kwa sababu ya malalamiko ya Mzee Kufuli mwenyewe. Mzee ana mjukuu anayemlea, mtoto wa darasa la sita, anayesumbuliwa na kikohozi kisichokoma. Ndani ya kibanda, pembeni ya kiti, haikosekani chupa ya chai ya tangawizi na asali, ya kumpa mtoto huyo anapotoka shule. Mzee aliamini kabisa kwamba vumbi na moshi wa gereji ndivyo vinavyomdhuru. Alimwambia Bibi Afya kwamba badala ya kuwaandama wazee wanaotafuta riziki, akaifunge gereji, maana inamuua mjukuu wake taratibu huku serikali ikitazama.

Malalamiko ni malalamiko, hata yakitoka kwa aliyekushinda mahakamani. Alikwenda. Fundi alikuwa ameinamia injini, mgongo wake ukiwa mlangoni, lakini kabla hajabisha hodi alisikia, "Karibu, mama, tahadhari na oili hapo chini."

Alimuuliza amemwonaje. Fundi alinyoosha spana kuelekea kioo cha pembeni cha gari bovu lililosimama mbele yake. "Kioo, mama. Nakaa hapa siku nzima nikiwa nimewapa watu mgongo. Bila hicho wangeniibia hata viatu miguuni."

Bibi Afya alisimama pale mpaka fundi akadhani anaumwa. Alikitazama kioo, akaitazama safu ya vibanda ng'ambo ya uwazi, akakitazama kioo tena.

Nyuma ya gereji kulikuwa na rundo la magari yaliyokufa. "Gari likifa, kioo hakifi," fundi alimwambia alipokubali kumpatia vile visivyokuwa na bei. Aliviunganishia mikono ya chuma, na kimoja baada ya kimoja vikafungwa nje ya madirisha, pembeni juu, vikiwa vimeinamishwa kutazama chini. Mwizi hana cha kupata humo. Muuzaji hahitaji hata kuinuka kitini. Akiinua macho tu, anamwona mnunuzi mzima, kuanzia utosi hadi kandambili.

Kati ya vibanda ishirini na vitatu, kumi na vinne vilikubali. Vingine vilimsubiri Mzee Kufuli. Na hata vilivyokubali vilikuwa na sikio moja kwake. Sigara zilikuwa theluthi ya faida yao. Kwa nini wajinyime, ikiwa mwenyekiti wao aliyeishinda serikali hajinyimi?

Hapo ndipo mkuu wa idara alipopoteza subira. Alimpa Bibi Afya mpaka mwisho wa mwezi huu. Ikiwa kibanda kinachotazamana na shule hakitakuwa na kioo kinachotumika, jambo hilo litaachwa, naye atahamishiwa machinjioni mpaka astaafu mwakani. Saa za serikali, mkuu alisema, haziwezi kuendelea kutumika kwa kupiga magoti.

Basi alimpigia magoti Mzee Kufuli kila asubuhi ya kazi, kiangazi kizima.

Alikuwa anafika, anapiga magoti chini ya tundu, na kusema, "Shikamoo, mzee," na sauti kutoka juu ikamjibu, "Marahaba, Bibi Afya." Kisha alikuwa anauliza kama anamwona. Mzee alikuwa anajibu kwa upole kwamba hamwoni, lakini anakiona kiherehere chake. Wateja walicheka. Yeye alikuwa anainuka, anajikung'uta vumbi, na kumtakia biashara njema.

Aliyechoka kwanza hakuwa yeye wala mzee. Alikuwa mke wa mzee, bibi mwembamba mwenye macho makali, aliyekuwa akileta chai. Asubuhi moja aliweka sinia chini, akainamia tundu na kumuuliza mumewe, kwa sauti iliyofika hadi gerejini, ni mwanamume gani aliyelelewa akaleleka anayeweza kustarehe kitini huku mwanamke mwenye umri wa mdogo wake akiwa magotini mbele yake kila siku. Alisema hata sanamu ingeona haya.

Watu walijikusanya. Mzee Kufuli alikuwa na heshima yake ya kulinda, na akailinda kwa namna anayoijua, yaani kwa maneno.

"Tundika kioo chako," alimwambia Bibi Afya mbele ya fundi, mbele ya mkewe na mbele ya wateja. "Mwezi ukiisha sijaona mtoto, utakifungua kwa mkono wako mwenyewe, wala magoti yako usiyalete tena hapa. Nikimwona hata mmoja, basi magoti yote uliyonipigia nitayalipa."

Watu walishangilia. Kioo kilifungwa jioni ileile.

Siku ya tatu Bibi Afya alipopita, alikikuta kimefunikwa kitambaa. Alimuuliza mzee sababu. Mzee alisema ni vumbi. Halikufuata fumbo wala mzaha, na jambo hilo lilimshangaza kuliko kitambaa chenyewe. Aliona amedharauliwa. Lakini ahadi haikusema kwamba kioo kisifunikwe, naye si mtu wa kuongeza maneno katika mkataba uliokwisha kukubaliwa.

Leo mwezi umekwisha.

Anamuaga kijana wa kibanda kipya kwa kumwahidi kwamba fundi atapita kesho, ikiwa kesho itakuwepo. Kijana anaahidi kumpokea. Anamrudishia sarafu yake, naye Bibi Afya anazirudisha zile sigara mbili kupitia tunduni, kisha anashika njia. Anatembea akiupendelea mguu wa kushoto.

Njiani anazungumza juu ya tumaini lake, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo alizokwisha kuzifua ingawa safari imeahirishwa. Alitamani baraza la manispaa lipitishe sheria ndogo, ya mstari mmoja tu: kwamba kila kibanda kilicho karibu na shule kiwe na kioo. Alitamani aisikie ikisomwa kabla hajaivua sare.

"Sikutaka kumfunga mtu," anasema. "Nilitaka waone tu. Mtu akishaona, linalobaki ni lake na Mungu wake. Lakini alipokuwa haoni, lilikuwa langu."

Mbele ya kibanda cha Mzee Kufuli wamekwisha kusimama watu. Wenye vibanda vinane vingine visivyo na kioo wamo, na baadhi ya wale kumi na vinne pia. Fundi amekuja na mikono yake yenye grisi. Nyuma yake gereji inaendelea kugonga vyuma. Kioo kiko palepale pembeni mwa dirisha, na kitambaa chake cha bluu juu yake.

Bibi Afya anaitoa spana.

"Shikamoo, mzee," anasema, akiwa amesimama safari hii.

Dirisha halijibu.

Anasalimu tena. Badala ya marahaba kunasikika mlio wa kufuli ikifunguka. Halafu ya pili. Watu wanatazamana, kwa kuwa hii ni saa mbili na nusu asubuhi, na tangu bega lake liteguke hakuna aliyewahi kumwona Mzee Kufuli akitoka saa za kazi. Inafunguka ya tatu, kisha ya nne, na mlango wa bati unalia.

Mzee anatoka. Ni mfupi kuliko watu walivyozoea kumfikiria. Juani anaonekana amekonda, na ndevu zake, alizokuwa akizitunza vyema, zimeachwa zijiotee zenyewe. Nyuma yake, ndani, mkewe amekwisha kukikalia kiti chake. Mzee anakiendea kioo, anakivuta kitambaa, na kukikunja vizuri kama anayekunja mswala.

"Usikifungue," anasema.

Bibi Afya anaishusha spana.

"Kesho yake," mzee anaanza, na sauti inamkatikia, anaanza upya. "Ulikitundika jioni. Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya shule, uliingia mkono. Sarafu, vidole viwili. Mkono ninaoujua. Miezi na miezi huja, sikuwahi kuuliza wa nani. Nikazichukua sigara mbili. Nikakumbuka upuuzi wako huu, nikasema ngoja nikitazame, nipate la kukucheka nalo. Nikainua macho."

Hakuna anayesogea.

"Alikuwa mjukuu wangu."

Mkewe, ndani, anaufunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Nimemwona mzima," mzee anaendelea. "Sare ya shule niliyoinunua mimi. Viatu nilivyomnunulia mimi. Ananyoosha mkono huku anatazama barabarani asionekane. Na anakohoa. Anakohoa, Bibi Afya, hapohapo chini ya dirisha langu, na mimi nimeshika sigara zake mkono mmoja, na mkono wa pili uko juu ya chupa ya tangawizi yake."

Mlio wa nyundo gerejini umekoma. Haijulikani umekoma saa ngapi.

Anaeleza kwamba hakumuuzia. Alizirudisha sigara kwenye pakiti na kumwita mtoto kwa jina lake, na mkono ule ulichomoka tunduni kama ulioungua. Jioni alimkalisha na kumuuliza kwa nini, katika vibanda vyote vya mtaa, alikuja kununua kwa babu yake. Mtoto alimjibu bila ya ujeuri, kama anayejibu swali la hesabu.

"Aliniambia, 'Kwa babu ndiko mtu haonekani.'"

Watu wazima walioizunguka ile safu ya vibanda, wenye maneno na mizaha ya miaka, wanatazama chini. Hata fundi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakipo.

Bibi Afya ana swali moja tu. "Mtoto yuko wapi?"

"Darasani. Nilimpeleka mwenyewe kwa miguu kabla sijaingia kibandani, na daktari amemwona juzi." Kisha anainyoosha mikono yake miwili mbele, iliyokunjamana, kama anayesubiri pingu. "Nilikificha kioo siyo kwa dharau. Nilishindwa kukitazama. Basi nipeleke tena mahakamani. Safari hii sitawachekesha."

Anayemfahamu Bibi Afya anajua kwamba si mwepesi wa kusamehe pale sheria inapodai. Anairudisha spana mkobani.

"Mahakamani ulisema kweli," anamjibu. "Ulikuwa hujaona. Sasa umeona, na ulipoona ulikataa. Sheria haina zaidi ya hilo inalolitaka kwako."

"Sheria haina," anasema Mzee Kufuli. "Wewe unalo. Unanidai magoti."

Anageukia dirisha lake mwenyewe na kuanza kujikunja. Watu wawili wanakimbilia kumshika, anawazuia kwa jicho. Bibi Afya ameinama, amekunja suruali, anafungua kamba za vipande vyake vya godoro ampe, angalau apate pa kuweka mifupa.

"Siku ya kwanza ulipokuja kwangu, mwaka ule wa kesi, ulikuwa navyo?" mzee anamuuliza.

"Sikuwa navyo."

"Basi vifunge."

Goti moja linagusa ardhi, kisha la pili. Vumbi linapanda na kutulia juu ya suruali yake safi. Mwenyekiti wa wenye vibanda, mtu aliyekaa juu ya mtaa huu kwa miaka ishirini na kuyaona maelfu ya mikono, sasa yuko chini ya dirisha, na kimo chake ni cha mjukuu wake. Anainua mkono wa kulia. Bega lile bovu linakataa. Anakunja uso, anasubiri, anaupandisha tena, inchi kwa inchi, mpaka kiganja kinapenya tunduni na kutoweka gizani. Vidole viwili vinanyooka.

Mwenye kibanda mmoja anavua kofia yake. Wengine wanafuata, na hakuna aliyewaambia.

Ndani, mkewe anainua macho kwenye kioo. Anatazama kwa kitambo kirefu, na watu wanangoja, kama wanaongojea hukumu.

"Nimekuona, babu yao," anasema hatimaye. "Teremsha mkono. Inuka, yatosha."

"Bado," anajibu mzee kutoka vumbini, bila ya kuuteremsha. "Hiyo ni asubuhi moja tu. Yeye alinipigia kiangazi kizima."